Chomoa Waya, Ungoje Nani Atalia

Mwenye begi la kijani aligeuka mara moja tu, akamwona Sindano, akatoka mbio.

Sindano hakungoja kualikwa.

Walikata mtaa wa maduka ya vipuri. Wakaruka mabomba yaliyolazwa kando ya barabara. Wakapita katikati ya mafundi cherehani ambao hawajui Jumapili wala sikukuu, na mmoja akauliza, pini zikiwa mdomoni, "Sasa mwizi ni yupi hapo?" Hata mimi, kama ningekuwa nimesimama pembeni, nisingejua.

Jamaa alikuwa na miguu mirefu. Sindano alikuwa na pumzi. Katika kazi ya upelelezi miguu hukupeleka mbali, lakini pumzi ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Jamaa akaingia kwenye jengo ambalo halijaisha kujengwa. Akapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikuwa bado iko kwenye ramani.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Usisogee," jamaa alisema akihema. Alinyoosha mkono nje ya ukingo, simu ndogo ya Nokia ikining'inia vidoleni. "Ukisogea naiachia."

"Iachie."

Jamaa alishangaa. Alitegemea kubembelezwa. Na mtu akishashangaa, mikono yake husahau kazi. Sindano alimrukia, akamkamata kifundo cha mkono, akakipinda, simu ikadondokea kiganjani mwake.

Kulikuwa na ujumbe ambao haujasomwa.

"Kizee kisizimwe mpaka barua zifunguke. Mtu wetu yumo chumbani. Akipata anwani anawatumia. Mkifika msibakize mtu, hata mwanamke."

Sindano aliusoma mara mbili. Alimfunga jamaa kwenye nguzo ya zege kwa mkanda wa jamaa mwenyewe, kisha akapiga simu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Sema."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale Idara ya Kuzuia Magendo. Alikuwa mkuu wa wapelelezi. Lakini alijua kukugombeza mpaka ukajiona umerudi darasa la pili, ndiyo maana jina lilimganda.

"Wanatafuta anwani ya Dereva, shahidi wetu," Sindano alisema. "Wataipata leo, kwenye barua pepe za Idara, na mtu wao yumo chumbani. Nani ameiandika?"

Shangazi alishusha pumzi ndefu.

"Wakili wetu. Nilimwambia aiweke kichwani. Nikamwambia, kichwa hakichapishwi. Akamwandikia msaidizi wake barua pepe. Msomi mzima."

"Ifuteni."

"Haifutiki. Masanduku yote ya barua yamefungwa tangu asubuhi, mafundi wanahamisha seva. Mpaka wamalize ndipo yatafunguka."

"Basi mhamisheni Dereva."

"Mkewe ameshikwa na uchungu, Sindano. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, mama asisogezwe hata chumba cha pili. Niko nao hapa. Nina walinzi wawili, bunduki moja na bastola yangu. Na siwezi kuita wengine, maana sijui tena nani ni wetu."

Nyuma ya sauti yake Sindano alisikia mwanamke akiguna kwa maumivu.

"Nenda kwenye chumba cha seva," Shangazi alisema. "Ingia kama fundi wa kampuni iliyouza seva mpya; kwenye jengo lile hakuna anayeijua sura yako. Koti na kitambulisho viko kwenye gari. Usiisimamishe kazi yao, maana mtu huyo atajua tumemstukia, atayeyuka, na kesho atarudi kwa mlango mwingine. Namtaka mwenyewe, na mkono wake ukiwa ndani ya mtungi."

Simu ikakatwa.

Sindano aliwasha Land Cruiser, na njia nzima aliona uso wa mtu mmoja tu.

Uso wa Dereva. Kwa miaka mingi mtu yule aliendesha malori ya Sabuni, mfanyabiashara wa dawa bandia. Aliitwa Sabuni kwa sababu kila aliyemshika alimponyoka. Siku moja mama yake Dereva aliugua, akanunuliwa vidonge dukani, akavimeza, akafa. Dereva alipoliokota boksi la vidonge aliitambua alama aliyoichora yeye mwenyewe kwa kalamu alipokuwa akipakia mzigo. Dawa aliyoibeba mwenyewe ndiyo iliyomzika mama yake.

Sindano ndiye aliyemshawishi atoe ushahidi. Walikuwa wamekaa ndani ya lori lililozimwa.

"Nikisema, watanitafuta," Dereva alisema.

"Wakikutafuta watanikuta mimi njiani."

"Una watoto?"

"Sina."

"Basi hujui unachoniahidi," Dereva alisema, lakini mkono alimpa.

Kesho asubuhi Dereva alikuwa apande kizimbani. Mkono ule bado Sindano aliuhisi kiganjani, na ulikuwa unamchoma.

*

Hebu tuelewane kabla hatujaingia ndani, maana mambo ya kompyuta huwafanya watu wapige miayo, na mimi sitaki mpige miayo.

Seva ya barua pepe ni ghala la masanduku. Kila mtumishi ana sanduku lake. Ghala lenyewe halimjui mtu. Mlangoni pake anakaa bawabu, ambaye mafundi humwita seva ya domeni. Yeye ndiye anayejua jina la kila mtu na nani afungue sanduku gani. Bawabu akisema huyu apite, ghala linafungua bila kuuliza.

Kwa miaka mingi bawabu wa Idara alikuwa mashine moja nzito, nyeusi, yenye kelele za feni, ambayo mafundi waliiita Kizee. Leo ghala lilikuwa linahamishwa kutoka kwa Kizee kwenda kwa bawabu mpya. Basi, ni hivyo tu. Ukilielewa hilo umeelewa yote.

Getini mlinzi alikigeuzageuza kitambulisho cha Sindano.

"Mnahamisha nini leo, fundi?"

"Barua."

"Zangu mziache hapohapo. Tumeshazoeana."

Sindano alicheka kidogo, akaning'iniza kadi ya mgeni shingoni, akaingia. Chini ya koti la bluu alikuwa na Glock. Mfukoni alikuwa na kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho ukikichomeka kwenye seva husoma majina yote yaliyomo na kuyatuma kwenye simu yako. Sikioni alikuwa na kisikilizio kidogo kuliko punje ya mahindi.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Watu walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Msimamizi, mwanamke mwembamba aliyekumbatia tableti yake, ambaye kazi yote ilikuwa chini yake na alitaka iishe jana.

Wa pili alikuwa Babu Kebo, fundi mkuu wa Idara, mvi kichwani na koleo mfukoni. Babu Kebo alikuwa na majivuno ya kutosha watu wanne. Hakuna waya uliolazwa katika jengo lile bila mkono wake, na ukikaa naye kidogo angekueleza hivyo, kisha angerudia.

Wa tatu alikuwa Mkaguzi wa usalama, mtu mnene mcheshi mwenye pakiti ya biskuti. Alikaa kwenye kona na kompyuta mpakato aina ya Lenovo mapajani.

"Karibu fundi, chukua biskuti," Mkaguzi alisema. "Mimi hapa ni pambo tu. Nimetumwa nitazame, natazama. Mimi na kompyuta ni paka na maji. Hivi choo kiko upande gani? Nimeshaelekezwa, nimesahau."

"Kulia, mwisho wa korido," Msimamizi alisema bila kuinua macho. Ilionekana alishalisema hilo zaidi ya mara moja.

Babu Kebo alimtazama Sindano kuanzia kichwani mpaka chini. Akatulia kwenye viatu.

"Fundi gani anakuja kazini na viatu vya mbio?"

"Anayeishi mbali, Babu."

"Hm," alisema Babu Kebo.

Mmoja kati ya watatu hawa alikuwa ameiuza nyumba yenye mama anayejifungua ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ukitambueje nguo zikiwa tatu.

Sindano alijifanya anakagua seva mpya. Akachomeka kidude. Majina yakashuka kwenye simu yake moja baada ya jingine. Aliyapitia yote kwa makini.

Safi. Bawabu mpya hakuwa na jina hata moja la kutilia shaka.

"Babu," Msimamizi alisema, "masanduku yanakaribia kufunguka. Tukizime Kizee, tufunge kazi."

"Hakizimwi."

"Kwenye mpango imeandikwa kizimwe."

"Mpango umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuzika mashine."

Sindano aliinua kichwa. Kizee kisizimwe. Ni maneno yaleyale ya kwenye Nokia, na sasa yalikuwa yanatoka kinywani mwa Babu Kebo. Kusema kweli, moyo ulimuuma. Alikuwa ameanza kumpenda mzee yule.

"Kwa nini kisizimwe, Babu?" aliuliza taratibu.

Babu Kebo alikuwa anasubiri kuulizwa tangu dunia iumbwe.

"Sikiliza, mwanangu, ufundishwe bure. Mashine haizimwi kwanza. Unachomoa waya wa mtandao tu, mashine unaiacha inapumua. Halafu unangoja. Kama kuna mtu alikuwa anaitegemea na wewe hujui, atalia. Ukimsikia, unarudisha waya, yanaisha. Lakini ukikimbilia kuzima na kuvunja, kilio hicho utakilia wewe."

"Na huwa wanalia kweli?"

"Nilichomoa mashine moja zamani, nikidhani haina kazi. Unajua nani alilia? Lifti. Mkurugenzi akiwa ndani."

Mkaguzi alicheka mpaka biskuti zikamwagika. Msimamizi hakucheka.

"Kwa hiyo utachomoa lini?" Sindano aliuliza.

"Wiki ijayo. Barua zikishatulia. Nimeliambia ghala hivi: muulize bawabu mpya kwanza. Mpya asipolijua jina, muulize Kizee. Huwezi kumwachisha mtu kazi aliyoifanya miaka yote hii bila hata kumpa siku mbili tatu za kukabidhi."

Sindano aliacha kukagua.

Kumbe ndiyo hiyo. Bawabu mpya ni msafi, lakini asipolijua jina, ghala linamuuliza wa zamani. Na wa zamani je, ana majina gani?

"Naomba nikague nyaya za ndani," alisema.

Kizee kilikaa peke yake kwenye chumba kidogo cha nyuma, nyuma ya mlango wa chuma. Taa ya chumbani ilikuwa imeungua. Kilichokuwepo ni vimwanga vya kijani vya mashine na mvumo wa feni. Sindano alichomeka kidude.

Jina la ajabu lilikuwa karibu na mwisho. Akaunti ya printa ya ghorofa ya pili. Ilikuwa imeongezwa juzi, na ilikuwa na ruhusa ya kufungua sanduku la kila mtu.

Printa gani inasoma barua za wakili?

Aliyeiongeza alitumia akaunti ya pamoja ya mafundi. Yaani angeweza kuwa yeyote. Sindano aligusa kisikilizio.

"Shangazi. Mlango nimeupata. Mtu bado."

"Ufunge."

"Nikiufunga na kutangaza, atajua. Niufunge kimyakimya, nione nani atakuja kuufungua?"

Mwanamke aliguna kwa mbali. Sauti ya mkunga ikasema, usisukume bado mama, usisukume. Shangazi alinong'ona, "Dereva amekaa chini ukutani, ameshika kichwa. Ameniuliza kama upo njiani."

"Umemjibuje?"

"Nimesema upo."

Sindano aliingiza mkono nyuma ya Kizee, akaushika waya wa njano wa mtandao, akauchomoa.

Kimwanga cha kijani kikafa. Feni iliendelea kuvuma.

Akajibana kwenye kona nyuma ya kabati la mitambo, Glock mkononi. Sasa ilikuwa kazi ya kungoja. Aliyejua kwamba waya umechomolewa alikuwa yeye peke yake. Bawabu mpya alikuwa anafanya kazi, kwa hiyo hakuna mtu mwema ambaye angekosa kitu. Wa kuja kuurudisha waya ule angekuwa mmoja tu.

Mlango wa chuma ulifunguka.

Aliyeingia alikuwa Babu Kebo.

Sindano alifumba macho kidogo. Kisha akatoka kwenye kona, mdomo wa bastola ukielekea kwenye kifua cha yule mzee. "Usiguse kitu, Babu."

Babu Kebo aliitazama bastola. Akaitazama nyuma ya Kizee. Akauona waya unaning'inia. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi.

"Nilisema mimi," alinung'unika. "Viatu vya mbio."

"Umefuata nini huku?"

"Kukifuta vumbi. Nacho kimefanya kazi, sio?" Mzee alionekana kuona haya. "Umechomoa wewe?"

"Mimi."

Sindano alingoja. Kama mzee angenyoosha mkono kuurudisha waya, yote yangekuwa yameisha hapo.

Babu Kebo hakuurudisha. Aliinama nyuma ya kabati la swichi, kile kisanduku cha kugawia mashine mtandao, akaguna, akafanya jambo ambalo Sindano hakuliona kwa giza, akainuka huku akijifuta mikono kwenye koti.

"Nani unamtega?"

"Mtu aliyeweka printa ndani ya Kizee ili asome barua. Akiisoma anayoitaka, atakufa mwanamke anayejifungua sasa hivi, na mumewe, na mtoto."

Mzee aliposema, majivuno yote yalikuwa yamemtoka.

"Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeliambia ghala limuulize Kizee. Nilimhurumia."

"Kosa ni la aliyelitumia. Jibane hapa, usitoe sauti."

Sauti ya Msimamizi ilisikika kutoka chumba cha mbele, ya furaha kwa mara ya kwanza siku ile. "Masanduku yamefunguka jamani. Yote kijani."

Babu Kebo aliegemea ukuta, kitambaa kikiwa bado mkononi. "Haya," alinong'ona. "Sasa tungoje nani atalia."

Wakangoja.

Kwenye kisikilizio Sindano alisikia mwanamke akisukuma.

Wakangoja.

Hatua. Hazikuwa za haraka. Zilikuja kwenye korido, zikaipita njia ya chooni bila kusita, zikasimama mlangoni.

Mkaguzi aliingia. Hakuwasha tochi. Mtu ambaye siku nzima hakukumbuka choo kilipo alikwenda moja kwa moja nyuma ya Kizee gizani, akapapasa, akaupata waya, na kidole chake kikalitafuta tundu lenyewe kati ya matundu manne bila kukosea.

Paka alikuwa anaogelea.

Sindano alikuwa tayari kutoka. Lakini kuna watu ambao hawawezi kuvumilia mgeni aguse nyaya zao, hata kama roho iko mkononi.

"Wewe," Babu Kebo alisema kwa hasira, akijitokeza, "toa mkono kwenye waya wangu."

Mtu mnene yule alikuwa na wepesi wa ajabu. Kufumba na kufumbua alikuwa amemkaba Babu Kebo shingoni, na Beretta ndogo imegusa sikio la mzee.

"Fundi wa viatu vya mbio," Mkaguzi alisema kwa utulivu. Ucheshi wote ulikuwa umebaki chumba cha mbele pamoja na biskuti. "Najua upo. Toka. Bastola chini."

Sindano alitoka. Akaiweka Glock sakafuni.

"Isukume kwa mguu. Vizuri. Sasa chomeka huo waya."

"Ukipata anwani utafika wapi? Wenzako tumeshawakamata."

"Mmemkamata mmoja. Wengine wako ndani ya gari wanangoja neno langu, na shemeji yangu hapendi kungojeshwa."

Kumbe Sabuni alikuwa mume wa dada yake. Ndiyo maana kila aliyemshika alimponyoka.

"Chomeka," Mkaguzi alirudia. "Au huyu mzee anatangulia."

Sindano aliushika waya. Sitawaficha, alikuwa anaogopa. Upande mmoja mzee aliyekuja kukifuta vumbi chuma chake. Upande mwingine mtu aliyekaa chini ukutani ameshika kichwa, akiamini kwamba Sindano yuko njiani. Hapakuwa na mizani ya kupimia jambo hilo.

"Chomeka, mwanangu," Babu Kebo alisema.

"Babu."

"Nimesema chomeka. Mkubwa wa chumba hiki ni mimi."

Macho yao yalikutana. Macho ya mzee hayakuwa na woga hata chembe. Yalikuwa na kiburi chake cha siku zote, na zaidi kidogo.

Sindano akachomeka. Waya ukalia tiki.

Mkaguzi alikodolea macho mahali pa kimwanga cha kijani.

Kimwanga hakikuwaka.

"Umekichomeka vibaya. Rudia."

Sindano akachomoa, akarudia. Tiki.

Giza.

"Nini hii?" Mkaguzi alisogeza kichwa mbele aone vizuri. Mtutu uliteleza kutoka sikioni mwa mzee, sio sana, kiasi cha upana wa vidole viwili.

Vilitosha.

Sindano aliubamiza mlango wa kabati la mitambo kwenye ule mkono. Beretta ililia. Babu Kebo akajitupa chini. Sindano alipiga goti tumboni, kiwiko shingoni, akaukamata mkono wenye bastola na kuugonga kwenye kona ya chuma mara moja, mara mbili, bastola ikaanguka. Mkaguzi alifuata. Kishindo chake kilitikisa sakafu. Kabla hajavuta pumzi alikuwa amefungwa mikono kwa waya wa njano, mafundo matatu.

Kukawa kimya. Kimya kupita kiasi.

Feni ilikuwa haivumi tena. Risasi ilikuwa imekiingia Kizee katikati ya ubavu.

Babu Kebo aliinuka kwa taabu, akaweka kiganja kwenye tundu la risasi. "Haya, mzee mwenzangu," alisema. "Umekabidhi."

"Babu, kwa nini taa haikuwaka?"

Mzee alitia mkono mfuko wa koti, akautoa waya mfupi wa njano wenye vichwa viwili.

"Wewe ulichomoa ncha ya mashine. Mimi niliuondoa kabisa ule wa kuunganishia kwenye swichi. Waya una pande mbili, mwanangu. Hilo nalo nimekufundisha bure."

Msimamizi alisimama mlangoni, tableti kifuani, midomo wazi. Aliwatazama, akamtazama Mkaguzi sakafuni, akaitazama mashine iliyotobolewa.

"Kwenye ripoti," Sindano alimwambia, "andika Kizee kimezimwa, kama mpango ulivyosema."

Aliiokota simu ya Mkaguzi, Samsung mpya, akakibana kidole cha mwenyewe juu yake ikafunguka. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa shemeji. "Vipi?"

Sindano akaandika anwani. Nyumba yenye geti jeusi, ingieni kwa nyuma, hakuna mlinzi. Haikuwa uongo. Nyuma ya kituo cha kufundishia mbwa wa polisi kweli hakuna mlinzi. Hahitajiki.

Kisha akagusa kisikilizio.

"Shangazi. Mtu tunaye. Ni Mkaguzi, shemeji wa Sabuni. Gari lao linakwenda kwa mbwa. Sasa unaweza kuita askari."

Shangazi hakujibu.

"Shangazi?"

"Nyamaza," sauti ilikuja, na haikuwa sauti ya mkuu wa wapelelezi. "Mtoto ametoka."

"Na?"

"Hajalia."

Sindano alisimama palepale alipokuwa. Babu Kebo alimwona uso, akauliza kwa macho. Sindano aliwasha spika ya simu yake.

Walisikia mkunga akisema taulo. Walisikia vidole vikisugua ngozi ndogo kwa haraka. Walisikia mwanamume, Dereva, akisema jina la mama yake, mara moja, polepole. Halafu hawakusikia kitu. Msimamizi aliifunika midomo kwa mkono. Babu Kebo alikikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Ngoja," mzee alinong'ona, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Wewe ngoja tu."

Wakangoja.

Kisha kichanga kikalia.

Kwanza kilio chembamba, cha kukatika. Halafu kikashika, kikajaa, kikawa kikali cha mtu aliyeonewa, kikatoka kwenye simu na kujaa chumba chote kile cha baridi. Babu Kebo alijipangusa macho kwa kitambaa chenye vumbi, akayachafua zaidi.

"Huyo," alisema. "Huyo analia vizuri."

"Sindano," sauti ya Dereva ilisema karibu na simu. Ilikuwa imekauka. "Wewe ndiye?"

"Ni mimi."

"Kesho nitasema yote."

*

Sindano aliivua kadi ya mgeni, akaiweka mezani kwa mlinzi wa getini. Jua la alasiri lilimpiga usoni. Kisikilizio kilikuwa bado sikioni, maana Shangazi alikuwa amesahau kukata simu na yeye hakutaka kumkumbusha.

"Mmemaliza, fundi?"

"Tumemaliza."

"Barua zangu ziko salama?"

"Zote."

Mlinzi alimtazama vizuri. "Mbona unacheka peke yako?"

"Kuna mtoto analia huku."

"Sasa mtoto akilia ndiyo unacheka?"

"Leo ndiyo," Sindano alisema, akatia mikono mfukoni, akatoka nje ya geti.